MWAJIRI WA MSOMI NI NANI? Ujuzi wa Wahitimu wa Vyuo Vikuu na Mahitaji ya Kazi, kwa Mfano wa Nyamiaga

Katika mikutano ya elimu, katika magazeti na hata katika vijiwe vya kahawa, siku hizi hurudiwa shutuma moja: kwamba wahitimu wa vyuo vikuu vyetu hawafai kazini. Waajiri hudai kuwa vijana huja na vyeti bila ujuzi. Vijana hujibu kuwa ujuzi wanao, ila kazi ndizo hazipo. Vyuo hujitetea kwamba vinafuata mitaala iliyoidhinishwa. Wazazi, ambao wameuza mbuzi na kahawa ili kulipa karo, hubaki katikati wasijue wamwamini nani.

Shabaha ya makala haya ni kulichambua suala hilo hatua kwa hatua. Tutaeleza limetoka wapi, waajiri wanataka nini hasa, madai yao yapi ni ya haki na yapi si ya haki, na kila upande una wajibu gani. Tumechagua kulitazama tukiwa Nyamiaga, wala si Dar es Salaam. Nyamiaga ni kata ya wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, katika pembe ya nchi yetu inayopakana na Rwanda na Burundi. Hapo ipo hospitali ya wilaya. Katika wilaya hiyo hiyo upo mpaka wa Rusumo, ambako malori ya kwenda Kigali hupita, na upo mpaka wa Kabanga wa kuingilia Burundi. Ipo nikeli ya Kabanga ardhini. Wilaya jirani ya Biharamulo ina dhahabu. Na watu wengi wa huku ni wakulima wa migomba, maharage na kahawa. Kwa hiyo mwajiri wa kila namna anaonekana mahali pamoja: Serikali, kampuni, mfanyabiashara na umma wenyewe. Anayetaka kujua msomi anahitajiwa kwa kazi gani na aje atazame hapa.

I. SUALA HILI LIMETOKA WAPI

Yafaa ifahamike kwanza kwamba neno "kuajirika" ni neno jipya. Chuo Kikuu cha kwanza katika nchi yetu kilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 25 Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Wataalamu walikuwa haba mno. Aliyemaliza masomo alikuta nafasi ikimngoja, na Serikali ndiyo iliyompangia kituo. Hakuna aliyeuliza kama kijana huyo ataajiriwa. Swali la wakati ule lilikuwa jingine: Je, akishapata kazi, atamtumikia nani?

Swali hilo lilizua mgogoro mkubwa tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 kati yao wakarudishwa makwao. Mwezi Machi 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Waraka huo ulionyesha kasoro za elimu tuliyorithi: kwamba ilikuwa ya watu wachache, kwamba ilimtenga mwanafunzi na jamii yake, kwamba iliabudu kitabu na kudharau ujuzi wa mzee asiyesoma, na kwamba iliwaondoa vijana wenye nguvu katika uzalishaji. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaenda mbele zaidi likataka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Utaratibu huo baadaye ulilegezwa, lakini wazo lake la msingi lilikuwa sahihi: kwamba nadharia humwingia vizuri zaidi mtu ambaye tayari ameshika kazi na kuona matatizo yake.

Halafu mambo yakageuka. Uchumi ulidhoofika sana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1986 nchi ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka ya 1990 Serikali ikapunguza wafanyakazi kwa maelfu na kuacha desturi ya kumpangia kazi kila mhitimu. Wakati huo huo milango ya elimu ya juu ilianza kupanuliwa. Vyuo vya watu binafsi na vya mashirika ya dini viliruhusiwa. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Badala ya chuo kimoja, tuna makumi ya vyuo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Upande mmoja, idadi ya wahitimu imepanda kwa kasi. Upande wa pili, ile ahadi ya kituo cha kazi imeondoka. Elimu ikabaki na umbo la zamani, la kumwandaa mtu wa kukalia kiti kinachomngoja, ilhali kiti chenyewe hakipo. Mgongano huo haukuletwa na uvivu wa vijana, kama wengine wanavyopenda kusema. Umeletwa na historia, na utaondolewa kwa mipango.

II. WAAJIRI WANADAI NINI

Mwaka 2014 magazeti ya Afrika Mashariki yalisambaza taarifa iliyonasibishwa na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, iliyosema kuwa zaidi ya nusu ya wahitimu wa nchi tano hawakuwa tayari kwa kazi: Uganda asilimia 63, Tanzania 61, Burundi 55, Rwanda 52 na Kenya 51. Takwimu hizo zilitushtua, na zimerudiwa mara nyingi. Lakini kada makini huuliza kwanza: nani aliulizwa? Hayo yalikuwa maoni ya waajiri. Maoni ya mnunuzi juu ya bidhaa ni ushahidi wa maana, lakini si ushahidi wote. Mnunuzi hutaka kitu bora kwa bei ndogo, na mwajiri hupenda kumpata mfanyakazi aliyekwisha kufundishwa kwa gharama ya mtu mwingine.

Hata hivyo, tusiyatupe madai hayo. Tukiyachambua, tutaona kwamba mengi yanahusu mambo ambayo umma nao unayahitaji. Tuyatazame moja baada ya jingine.

La kwanza ni kuimudu kazi yenyewe kwa mikono. Mhitimu wa famasia anayefika katika hospitali ya wilaya hatakuta mtihani. Atakuta stoo. Atatakiwa kujua dawa zipi zimebaki, zipi zinakaribia kuharibika, na mwezi ujao hospitali itahitaji kiasi gani, ili aagize mapema kutoka Bohari ya Dawa. Akikosea hesabu, mama aliyetembea saa tatu na mtoto mwenye homa ataambiwa dawa hakuna. Hapo ndipo tunapotambua tofauti ya kujua jina la dawa na kujua kazi ya dawa.

La pili ni kusema na kuandika kwa kueleweka. Waajiri wengi hulalamika kuwa mhitimu hawezi kuandika taarifa ya kurasa mbili ikaeleza jambo lilivyotokea, sababu yake na hatua ya kuchukuliwa. Lalamiko hilo ni la kweli, na sababu yake moja ni kwamba tunamfundisha kijana kwa lugha ambayo hajaimudu, naye hukimbilia kukariri. Anayekariri hawezi kueleza, kwa kuwa kueleza kunataka kwanza kuelewa. Lakini lugha ina upande wake wa pili pia. Katika usaili mhitimu hupimwa kwa Kiingereza. Kazini Ngara atazungumza Kiswahili na mkulima, na mara nyingi Kihangaza au Kishubi na bibi kizee. Kijana wa Ngara anayejua Kihangaza husikilizana kwa urahisi na Mrundi na Mnyarwanda. Mpakani Rusumo huo ni utajiri mkubwa, ingawa hakuna cheti kinachouonyesha na hakuna chuo kinachouhesabu.

La tatu ni hesabu na matumizi ya kompyuta. Forodha ya leo haiendeshwi kwa madaftari. Tangu kituo cha pamoja cha Rusumo kilipozinduliwa mwaka 2016, lori hukaguliwa mara moja kwa niaba ya nchi mbili, na nyaraka za mzigo hupitia katika mifumo ya kompyuta. Wakala wa forodha ambaye hawezi kuainisha bidhaa na kukokotoa ushuru wake atalichelewesha lori siku nzima, na gharama ya siku hiyo italipwa na mnunuzi wa mwisho.

La nne ni nidhamu ya kazi na kushirikiana na wenzako. Chuoni mtu hupata alama zake peke yake, na kumsaidia jirani katika mtihani ni kosa. Kazini ni kinyume: hakuna kazi ya mtu mmoja. Katika mgodi wa chini ya ardhi, mhandisi anayepuuza neno la fundi wa umeme anahatarisha maisha ya zamu nzima.

La tano ni uaminifu. Waajiri hulitaja mwishoni, lakini wakiulizwa kwa undani hulipandisha juu. Mhasibu hodari asiye mwaminifu ni hasara kubwa kuliko mhasibu asiyejua kitu, kwa sababu yule hodari anajua namna ya kuficha.

La sita ni kuendelea kujifunza. Mashine hubadilika, sheria hubadilika, magonjwa hubadilika. Anayedhani kuwa siku ya mahafali ndiyo mwisho wa kusoma, huyo ameanza kupitwa na wakati akiwa bado amevaa joho.

III. FUNZO LA BIHARAMULO

Wapo wanaodhani kwamba ujuzi kama kusema vizuri, kushirikiana na kuandika taarifa ni pambo tu, na kwamba ujuzi halisi ni ule wa maabara. Yaliyotokea Biharamulo yanatufundisha vingine.

Tarehe 20 Januari 2025 ilitangazwa kuwa ugonjwa wa Marburg umezuka katika wilaya hiyo. Huu ulikuwa mlipuko wa pili katika mkoa wa Kagera, baada ya ule wa mwaka 2023 wa Bukoba Vijijini. Ugonjwa huu huenezwa kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa au ya maiti, na hakuna dawa wala chanjo iliyoidhinishwa. Ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025, hesabu ilikuwa wagonjwa 2 waliothibitishwa na maabara na 8 waliohesabiwa kuwa huenda walikuwa nao. Wote 10 walifariki. Watu 281 waliokuwa wamekutana na wagonjwa waliorodheshwa na kufuatiliwa.

Tuifikirie kazi ile. Bila mtaalamu wa maabara, ugonjwa usingejulikana. Hilo halina ubishi. Lakini baada ya maabara kusema, ilihitajika kazi ya namna nyingine kabisa. Kila aliyemgusa mgonjwa alipaswa kutafutwa na kuangaliwa kwa siku 21, kwa kuwa ugonjwa huweza kujificha mwilini muda huo. Kumpata mtu huyo ni kukaa na familia iliyofiwa na kuuliza, kwa upole na bila kutisha, nani alimuuguza marehemu, nani alimwosha, nani alikuja msibani. Anayeuliza kwa kiburi hudanganywa. Jina likiandikwa vibaya katika orodha, mtu mmoja hupotea, na mtu mmoja anatosha kuanzisha mnyororo mwingine. Joto la mwili lisipoandikwa jioni ile ile, timu ya kesho hufanya kazi gizani. Na ilibidi kuhesabu siku 42, yaani mara mbili ya 21, tangu mgonjwa wa mwisho, ndipo mlipuko utangazwe kuisha.

Basi katika kazi ile, kusema vizuri kulikuwa kinga. Kuandika sawasawa kulikuwa kinga. Kushirikiana kati ya daktari, muuguzi, mhudumu wa afya wa kijijini na mwenyekiti wa kitongoji kulikuwa kinga. Ujuzi ambao vyuo huuita mdogo ndio uliosimama kati ya wilaya na maafa. Kada anayesoma makala haya na alikumbuke jambo hili pindi anapoambiwa kuwa msomi hahitaji kujua kuzungumza na watu.

IV. MADAI YAPI SI YA HAKI

Baada ya kukubali madai ya haki, hatuna budi kuyakataa yale yasiyo ya haki.

Tangazo la kazi linasema: anatakiwa mhitimu mwenye uzoefu wa miaka mitatu. Kila mwajiri akitaka uzoefu na hakuna anayekubali kuutoa, uzoefu huo utapatikana wapi? Kijana anaambiwa asiingie majini mpaka ajue kuogelea. Hii ni njia ya kuusukumia umma gharama yote ya kufundisha, kisha faida ya mafunzo ikavunwa na mwenye kampuni peke yake.

Ziko fani ambazo zimelitatua tatizo hili kwa utaratibu. Daktari hamalizi masomo akaachwa: hufanya utarajali wa mwaka mmoja hospitalini chini ya usimamizi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi tangu mwaka 2003 imeendesha mpango wa miaka mitatu wa kumlea mhandisi mhitimu kazini, akiandika kila alichofanya na kukaguliwa. Wanasheria wana Shule ya Sheria. Fani hizo zimekubali ukweli kwamba chuo hutoa msingi, na kazi ndiyo inayomkamilisha mtu. Mbona mhitimu wa kilimo, wa uhasibu, wa maendeleo ya jamii au wa biashara ameachwa ajitafutie? Palipo na utaratibu wa kumlea mhitimu, neno "hawaajiriki" halisikiki sana. Pasipo na utaratibu, lawama yote humwangukia kijana.

Jambo la pili lisilo la haki ni kusema kwamba kijana akipata ujuzi, kazi itatokea yenyewe. Ujuzi humwezesha mtu kuifanya kazi iliyopo, haujengi kiwanda. Wahitimu 100 wakigombea nafasi 5, hata wote wawe hodari, 95 watarudi nyumbani. Kuwafundisha namna ya kuandika wasifu mzuri kutabadilisha majina ya wale watano, lakini hesabu itabaki ile ile. Kwa hiyo suala la ujuzi halitenganishwi na suala la uchumi: tunazalisha nini, tunakisindika wapi, na faida inabaki kwa nani.

Ngara inalifahamu jambo hili kwa uchungu. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo wakiikimbia Rwanda, na kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa. Mashirika ya kimataifa yalikuja na kazi: wakalimani, madereva, makarani, watunza stoo, wauguzi. Vijana wengi wa huku walijifunza kazi upesi, na wengi wao hawakuwa na shahada. Lakini wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996, na kambi ya Lukole ya Warundi ikafungwa mwaka 2008. Kazi zikaondoka na walioleta kazi. Funzo ni mbili. Kwanza, kijana wa kawaida akipewa kazi na msimamizi mzuri, hujifunza. Pili, ajira isiyo na mizizi katika uzalishaji wa mahali penyewe ni ajira ya msimu.

V. NIKELI NA SWALI LA MAANDALIZI

Tutazame sasa nikeli ya Kabanga. Iligunduliwa katika utafiti uliofanywa kwa msaada wa Umoja wa Mataifa katika miaka ya 1970. Tangu hapo imepita mikononi mwa kampuni kadhaa za kigeni. Januari 2021 Serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya LZ Nickel, ikaundwa kampuni ya Tembo Nickel ambayo Serikali ina hisa za asilimia 16, na mpango ukawa madini yasafishwe hapa hapa nchini, Kahama. Kanuni za mwaka 2018 zinawataka wachimbaji wa madini watangulize Watanzania katika ajira na katika ununuzi wa bidhaa na huduma.

Sheria ni nzuri. Lakini sheria hufungua mlango tu, haimtembezi mtu. Ikiwa kampuni italeta orodha ya kazi, na kati ya vijana wa Ngara hakuna mchomeleaji aliyepimwa, hakuna mpima ardhi, hakuna fundi wa mitambo ya pampu, hakuna mwenye cheti cha usalama kazini, kampuni itasema kwa haki kabisa kwamba ilitafuta ikakosa. Vijana wa kata zetu watabaki kulinda geti na kufyeka nyasi. Na yafaa tujikosoe: habari ya nikeli tumekuwa nayo karibu miaka 50. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wana wajukuu. Hatuwezi kusema kwamba tumeshtukizwa.

Tukumbuke pia kwamba mgodi hauhitaji wasomi peke yao. Kwa kila mhandisi mmoja wanahitajika mafundi wengi. Kijana mwenye shahada ambaye anaona haya kujifunza ufundi chini ya fundi wa darasa la saba bado amebeba kasumba ya ukarani. Sera ya elimu iliyozinduliwa mwaka 2025 imeupa mkondo wa amali nafasi yake katika sekondari. Hilo ni jema, mradi amali isigeuzwe kuwa jalala la walioshindwa.

Biharamulo inatupa mfano wa kutia moyo. Mgodi wa Tulawaka ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2005 chini ya kampuni ya kigeni. Kampuni hiyo ilipouacha, mwaka 2013 mgodi ulichukuliwa na Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, likaunda kampuni yake ya STAMIGOLD, na uendeshaji ukawa mikononi mwa Watanzania. Wageni walipoondoka, ujuzi haukuondoka wote pamoja nao. Huo ndio mtihani wa kweli wa ajira yoyote ya kampuni ya nje: siku ikifunga virago, sisi tutabaki tunajua nini?

VI. MWAJIRI WA MSOMI NI NANI

Sasa tunaweza kulijibu swali la kichwa cha makala haya. Anayelipa mshahara huitwa mwajiri. Lakini kabla ya mshahara wa kwanza, yupo aliyelipa miaka 16 ya masomo: kodi ya mkulima, mkopo wa Bodi unaotokana na fedha ya umma, mbuzi wa baba na migomba ya mama. Mwalimu alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kwa ajili ya wote. Akila kisha asirudi, huyo ni msaliti. Mwajiri wa kwanza wa msomi, basi, ni umma, hata kama hati ya mshahara inatoka mahali pengine.

Jambo hili si la maadili tu. Ni la ujuzi pia. Chukueni mnyauko wa migomba ulioingia Kagera katika miaka ya 2000. Bwana shamba mhitimu analijua jina la bakteria kwa Kilatini. Tiba ya kumwagia hakuna. Kinachosaidia ni kukata ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kuliunguza panga kwa moto kabla ya kulipeleka kwenye mgomba mwingine, na kuung'oa mgomba ulioambukizwa. Mambo hayo ni rahisi kuyasema. Kazi ngumu ni kumfanya mama mwenye migomba 60 ayakubali, ilhali kung'oa mgomba kwake ni kung'oa chakula cha watoto. Hapo bwana shamba anahitaji kumsikiliza, kushika panga mwenyewe, kurudi wiki ijayo, na kukiri akikosea. Akifaulu kwa mama huyo, hakuna mwajiri atakayemshinda. Na akishindwa kwake, alama zake za chuoni zimemfaa nini?

Vivyo hivyo chama cha ushirika cha msingi kinachouza kahawa kinahitaji mtu wa kusoma mkataba, kutunza hesabu na kufuatilia bei. Vikundi vya vijana vinaweza kukopa katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 yake imetengwa kwa vijana, 4 kwa wanawake na 2 kwa wenye ulemavu; lakini vikundi vingi huanguka kwa kukosa andiko zuri na daftari safi. Kazi zipo pale ambapo mhitimu hakufundishwa kutazama. Hata hivyo tusimdanganye kwamba kazi hizo zitamlipa upesi. Ni wajibu wa halmashauri na ushirika kuhakikisha kwamba anayetumikia umma anakula pia.

VII. WAJIBU WETU

Kutokana na uchambuzi huo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, vyuo viyape mafunzo kwa vitendo uzito wa somo kamili. Mwanafunzi asipelekwe ofisini kuchemsha chai na kugongewa muhuri. Apewe kazi inayopimwa, na mkulima, muuguzi au fundi aliyemwona akifanya kazi awe na neno katika alama zake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinapoleta kampasi Kagera, wanafunzi wake na waijue Ngara kabla hawajaiandikia tasnifu.

Pili, waajiri, wa Serikali na wa kampuni, wawajibike kulea. Kila mwenye mradi mkubwa apangiwe idadi ya wanagenzi na watarajali kwa kila mwaka, na posho yao iwemo katika gharama za mradi. Asiyepanda asidai mavuno.

Tatu, makada wa kata na halmashauri wawe na daftari la ujuzi: nani amehitimu nini, nani ni fundi wa nini, mradi upi unakuja na utahitaji nani. Kijana asisikie habari ya kazi kwa kumjua mtu. Nafasi ikitolewa kwa undugu au kwa bahasha, tunawafundisha wote waliobaki kwamba kusoma ni kupoteza wakati, na somo hilo hawatalisahau.

Nne, ninyi wanafunzi mnaosoma kurasa hizi. Someni nadharia kwa bidii, maana bila nadharia mtu hufanya kazi kwa mazoea. Lakini kila likizo rudini nyumbani mkaulize: hapa kwetu tatizo ni nini, nani analishughulikia, na mimi naweza kubeba upande gani? Jifunzeni kazi moja ya mikono. Andikeni Kiswahili safi na Kiingereza safi. Msione haya kusema Kihangaza mbele ya meza ya daktari, iwapo ndicho anachokielewa mgonjwa.

Cheti ni ushahidi kwamba umma ulikuamini ukakusomesha. Ushahidi kwamba haukukosea hutolewa kazini, stooni, mgodini na shambani, mbele ya watu wanaokufahamu kwa jina. Watu wa Nyamiaga wamekwisha kulipa sehemu yao. Sasa wanangoja kuona kazi.